Jina la Nani Kwenye Ukurasa wa Kwanza? Tahakiki ya Kihariri Matini Huria Vim kwa Jicho la Mwandishi wa Kisukuma wa Bariadi

1. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia, ushairi na, kwa miaka ya karibuni, nyimbo za kizazi kipya na matangazo ya biashara. Programu ya kompyuta haijazoeleka kuwa matini ya kuhakikiwa. Sababu inayotolewa ni kwamba programu ni chombo, na chombo hupimwa kwa kazi yake. Hoja hiyo ina nguvu ikihusu kikokotoo. Nguvu yake hupungua tunapofika kwenye kihariri matini, yaani programu ambayo mwandishi huitumia kuandikia, kwa kuwa programu ya namna hii huja na maandishi yake yenyewe: salamu, maelekezo, leseni, majina ya waliotambuliwa. Maandishi hayo yana msemaji na yana msemeshwa, na mhakiki ana haki ya kuuliza ni akina nani.

Kihariri kinachohakikiwa hapa ni Vim. Kiliandikwa na Mholanzi Bram Moolenaar na kutolewa kwa umma mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za Amiga. Mwaka uliofuata kilihamishiwa kwenye Unix, kisha kikaenea kwenye MS-DOS, Windows, Macintosh na mifumo endeshi mingine ambayo leo wachache wanaikumbuka. Ni programu huria: msimbo wake chanzo uko wazi, na yeyote anaweza kuuchukua, kuubadilisha na kuunda programu upya kwenye mashine yake. Tena, ni miongoni mwa programu chache mno ambazo ukurasa wa kwanza unaitaja nchi ya Afrika Mashariki kwa jina.

Usomaji huu umewekwa Bariadi kwa makusudi. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa mujibu wa sensa ya 2022. Wakazi wengi ni wazungumzaji wa Kisukuma, na eneo la Bariadi, ambalo ndilo Ntuzu ya enzi za utemi, lina lahaja yake ndani ya lugha hiyo. Mwandishi wa huko anapokifungua kihariri hiki, anaambiwa kuwa yeye ni nani? Tahakiki hii inadai kwamba salamu ya Vim inamfanya Mwafrika Mashariki kuwa mtu anayesemwa, ilhali kazi ya kuunda programu inamfungulia nafasi ya kuwa msemaji. Na kwamba nafasi hiyo ya pili ina uzito zaidi kwa Kisukuma kuliko kwa Kiswahili.

2. Salamu ya mlangoni

Vim ikifunguliwa bila faili lolote, skrini huwa tupu isipokuwa mistari michache katikati: jina la programu, namba ya toleo, jina la mtunzi, tamko kwamba programu ni huria na inagawiwa bure, na mwito unaomtaka msomaji awasaidie watoto maskini wa Uganda. Mwito huo hauonekani kila mara. Msimbo huangalia saa ya kompyuta na kuchagua. Mara nyingine nafasi yake huchukuliwa na ombi la kufadhili maendeleo ya Vim yenyewe. Hata hivyo ndio unaojulikana zaidi, na leseni inaurudia: tumia na nakili utakavyo, ila unahimizwa kuchangia watoto hao.

Historia ya mwito huu ni ya kweli, na haifai kubezwa. Mwaka 1994 Moolenaar alijitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto. Kibaale iko Rakai, wilaya inayopakana na mkoa wetu wa Kagera, na iliyokuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa kupigwa na UKIMWI katika ukanda huu. Aliporudi Uholanzi alianzisha shirika la ICCF Holland la kukusanya michango kwa ajili ya kituo hicho, na akairudia Kibaale mara kadhaa. Alifariki Agosti 2023. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, lilitolewa kwa kumbukumbu yake. Hapa kuna mtu aliyeweza kuiuza programu yake na badala yake akaifungia kitu ambacho wenzake wachache wamewahi kukifungia chao.

Lakini wema wa msemaji hauondoi swali la msemeshwa. Nadharia ya Upokezi, hasa kwa namna ilivyoendelezwa na Wolfgang Iser katika miaka ya 1970, inatukumbusha kwamba kila matini humjenga ndani yake msomaji inayemdhania. Tukiutazama mwito wa Vim kwa kigezo hicho, tunakuta sentensi fupi ya amri. Nafsi ya pili ni msomaji mwenye kompyuta, mwenye fedha ya ziada, aliye mbali. Nafsi ya tatu ni mtoto, maskini, wa Uganda. Hakuna nafsi nyingine. Kwa msomaji wa Amsterdam au Chicago mgawanyo huo unakaa sawa, kwa kuwa nafsi hizo mbili haziwezi kukutana ndani ya chumba chake. Kwa msomaji wa Bariadi haukai sawa. Simiyu inafika Ziwa Victoria kupitia Busega, na Rakai iko upande wa pili wa maji hayohayo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, hatua chache kutoka mpaka huo. Mtoto anayetajwa skrinini angeweza kuwa binamu wa anayesoma, au yeye mwenyewe miaka ishirini nyuma. Matini haikumdhania mtu wa namna hiyo akiwa ameketi mbele ya kibodi.

Lugha nayo inathibitisha jambo hilohilo. Ujumbe wa Vim umetafsiriwa katika lugha nyingi. Kiafrikana kimo tangu zamani. Kiswahili, hadi toleo hilo la 9.1, hakimo. Shirika la Kanada linalosaidia kazi za Kibaale limejipa jina la Kuwasha, neno ambalo msomaji wetu hahitaji kamusi kulielewa. Kwa hiyo Kiswahili kimo katika matini hii kama jina la msaada, na hakimo kama lugha ya mtumiaji. Mhakiki asiyesema Kiswahili asingeiona kejeli hiyo.

3. Nafasi ndani ya leseni

Kama mambo yangeishia kwenye salamu, tahakiki hii ingekuwa lawama fupi. Hayaishii hapo, kwa sababu matini ya Vim ina sehemu nyingine ambayo watumiaji wengi hawaifiki: leseni na maelekezo ya kuunda programu kutoka kwenye msimbo chanzo.

Leseni inasema kwamba anayesambaza Vim aliyoibadilisha lazima ajitangaze. Inataka ujumbe uongezwe, walau katika maelezo ya toleo na katika ukurasa wa kwanza, ili mtumiaji ajue kwamba programu imebadilishwa. Msimbo wenyewe umeliandalia sharti hili mahali pake: wakati wa kusanidi kuna chaguo la kutaja jina la aliyefanya mabadiliko, na jina hilo huchapwa katikati ya skrini, chini ya jina la Moolenaar, juu ya mwito wa watoto wa Uganda.

Hapa ndipo moyo wa suala ulipo. Ukurasa uleule unaomweka Mwafrika Mashariki katika nafsi ya tatu una mstari ulioachwa wazi kwa ajili ya jina lake. Mstari huo haujazwi kwa kuomba kibali Uholanzi. Unajazwa kwa kuunda programu. Mwandishi wa leseni alitaka kuwalinda watumiaji wasidanganywe na matoleo ya kughushi, na hakuna dalili kwamba alimfikiria mtu wa Bariadi. Lakini athari ya matini haifungwi na nia ya mtunzi, na sharti lililokusudiwa kuwa la tahadhari linageuka kuwa mwaliko.

Mwaliko huo unatofautiana uzito kulingana na mfumo endeshi. Kwenye Linux anahitaji kompaila ya C, programu ya make na maktaba ya ncurses. Hatua ni tatu, kusanidi, kukompaili na kusakinisha, na hata kompyuta ya zamani huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Kwenye Windows kuna njia mbili, MinGW na kompaila ya Microsoft, na kila moja ina faili lake la maelekezo. Ya pili humlazimu mtu kupakua vifaa vizito kuliko Vim yenyewe mara nyingi, jambo lisilo dogo kwa anayenunua bando kwa siku. macOS haihitaji maneno mengi, kwa kuwa mashine hizo si nyingi Simiyu. Kifaa kilichoenea zaidi mkononi ni simu ya Android, na humo Vim inaweza kuendeshwa na hata kuundwa ndani ya Termux, ingawa kuandika insha nzima kwa vidole viwili juu ya kioo ni adhabu.

Orodha ya mifumo inayotajwa katika kifurushi cha msimbo ni matini ya kuchekesha kidogo. Faili la maelekezo ya Amiga bado limo. Msimbo wa kuihudumia Windows XP uliondolewa mwaka 2022. Anayeijua hali ya kompyuta zilizorithiwa na ofisi nyingi za mikoani atajiuliza ni mfumo upi kati ya hiyo miwili bado una watumiaji katika sehemu yake ya dunia. Uamuzi wa kipi kibaki na kipi kiondoke hufanywa na walio na muda wa kukitunza, na mtumiaji wa XP wa wilayani hakuwamo katika mazungumzo hayo.

4. Herufi mbili zinazopotea

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mwandishi ajisumbue kuunda kihariri wakati vilivyokwisha kuundwa vinapatikana bure. Kwa anayeandika Kiswahili swali hilo ni la haki. Kiswahili kina irabu 5, na kila kibodi ya Kilatini inazo. Kisukuma kina irabu 7. Zile mbili za ziada, zilizo kati ya i na e na kati ya u na o, wanaisimu huziandika ɪ na ʊ, na katika maandishi ya lugha yenyewe huandikwa pia ĩ na ũ. Anayeandika Kisukuma kwa irabu 5 humwachia msomaji kazi ya kubahatisha, na wengi huandika hivyo kwa kuwa kibodi haiwapi njia nyingine.

Vim ina njia. Ukiwa katika hali ya kuandika, bonyeza Ctrl na K kwa pamoja, kisha i, kisha alama ya kuuliza: ĩ inatokea. Fanya vivyo hivyo kwa u: ũ inatokea. Utaratibu huu wa kuunganisha alama mbili kuwa herufi moja unafanana Linux, Windows na macOS, kwa hiyo mkono ukishajifunza haujifunzi tena.

Lakini utaratibu huo ni miongoni mwa vipengele vinavyochaguliwa wakati wa kuunda. Vim inaweza kuundwa kwa ngazi mbalimbali, kuanzia ndogo kabisa hadi kubwa kabisa, na ile ndogo kabisa haina uunganishaji wa herufi wala ukaguzi wa tahajia. Debian na Ubuntu huja na Vim ya ngazi hiyo ndogo, ili kuokoa nafasi. Matokeo yake ni kwamba mwandishi wa Bariadi aliyesakinisha Linux kwenye kompyuta kuukuu akafungua kihariri alichokikuta humo anabonyeza Ctrl na K na kuambulia patupu. Njia ya kuandika namba ya herufi kwa mfumo wa Unikodi ipo, ila hakuna anayeweza kutunga hadithi kwa namba. Anayefahamu atasakinisha toleo kubwa au ataliunda. Asiyefahamu ataamini kwamba kompyuta haijui lugha yake.

Katika hatua hii kuunda programu kunaacha kuwa suala la kiufundi tu. Aliyechagua ngazi ndogo hakuwa na chuki na Kisukuma; alihesabu kilobaiti. Hata hivyo hesabu yake imeamua irabu zipi zipo na zipi hazipo, na huo ni uamuzi wa kifasihi hata kama aliyeufanya hakujua.

Ukaguzi wa tahajia unaeleza upande wa pili. Tangu toleo la 7 la mwaka 2006 Vim ina kikagua tahajia, na orodha ya Kiswahili imo, ikiwa na alama ya sw_KE inayoonyesha asili yake ya Kenya. Haikuandaliwa kwa ajili ya Vim. Ni orodha ya aina iliyotumiwa na OpenOffice, ikachukuliwa na kugeuzwa. Hilo ni tunda la uhuria na linastahili sifa. Mwandishi wa Simiyu akiiwasha, aya yake ya Kiswahili itakuwa safi, na kila neno la Kisukuma alilochanganya litapigiwa mstari mwekundu, kana kwamba ni kosa. Vim inaruhusu dawa rahisi: andika maneno yako katika faili la kawaida, neno moja kila mstari, kisha iamuru iligeuze kuwa orodha ya tahajia. Hakuna kamati wala ada. Orodha ya Kisukuma ya maneno elfu chache ingeweza kukusanywa na darasa moja la wanafunzi kwa muhula mmoja.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi tukimkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho ng'ambo ya ghuba kutoka Busega. Alimaliza riwaya yake kuu kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, naye akafariki mwaka uliofuata. Wasomaji wa Kiswahili wamepata kitabu kikubwa, na tahakiki hii haidai vinginevyo. Ila miaka 35 hiyo ilikuwa ya kusubiri watu wengine waamue kama lugha yake inafaa kupigwa chapa. Sera yetu ya lugha haikuzipa lugha za jamii nafasi shuleni wala katika utangazaji, kwa sababu za umoja wa kitaifa ambazo wengi wetu tunaziheshimu, na kwa sababu hiyo si rahisi kutarajia fungu la serikali kwa ajili ya kihariri cha Kisukuma. Kinachobaki ni programu ambayo haihitaji fungu.

5. Jambo OpenOffice kwa kulinganisha

Mfano unaosifiwa zaidi wa programu huria kwa Kiswahili ni Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa IT+46 wa Sweden. Iliendeshwa Linux na Windows. Ilimfikia mtumiaji kwa menyu za Kiswahili, na kazi ya istilahi iliyofanywa humo ilithibitisha kwamba lugha haishindwi na kompyuta. Katika suala la msemeshwa, Jambo inaishinda Vim kwa mbali: inamsemesha mtumiaji kwa lugha yake, bila kumhurumia.

Udhaifu wake uko mahali pengine. OpenOffice ni jengo kubwa. Kuiunda kutoka kwenye msimbo chanzo huchukua saa nyingi na diski yenye nafasi tele, kwa hiyo kuunda kulibaki mikononi mwa wachache waliokuwa na mitambo na ufadhili. Mwaka 2010 Sun Microsystems, iliyokuwa ikiisimamia, ilinunuliwa na Oracle, na kabla ya mwaka kwisha LibreOffice ilijitenga. Kiswahili kiliendelea kuorodheshwa huko kwa alama ya sw-TZ, lakini tafsiri ya menyu inahitaji mtu wa kuifuata kila toleo jipya linapoongeza sentensi, na mradi wenye tarehe ya mwisho haumwachi mtu huyo nyuma. Uhuria wa Jambo ulikuwa wa lugha ya juu ya skrini. Uhuria wa Vim ni wa msingi wake, ingawa mlango umeandikwa kwa lugha ya mgeni, na maelekezo ya kuunda ni Kiingereza kitupu, cha watu wanaojuana. Mwandishi wa Bariadi asiyesoma Kiingereza hafiki kwenye ule mstari ulioachwa wazi, na kumsifu kwa haki asiyoweza kuitumia ni sawa na kumpa ufunguo bila kumwonyesha kitasa.

6. Tatizo la kiambishi

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuandika kihariri kipya. Ni faili moja la tafsiri, ambalo kwa desturi ya Vim lingeitwa sw.po, pamoja na maelekezo ya kuunda kwa Kiswahili kwa Linux, Windows na Termux, yakianzia kwenye ngazi yenye vipengele vya herufi. Sehemu kubwa ya faili hilo ni jumbe za makosa, na mfasiri mvumilivu atazimaliza. Salamu ndiyo itakayomkwamisha, kwani nayo imo katika orodha ya sentensi za kutafsiriwa.

Akiandika «Wasaidie watoto maskini wa Uganda!» atakuwa mwaminifu kwa matini asilia, na atakuwa amemweka msomaji wa Bariadi katika kiti cha mfadhili wa mbali ambacho si chake. Akiandika «Tuwasaidie» atakuwa ameongeza msemaji ambaye Moolenaar hakumweka, na amri itakuwa imegeuka rai ya jirani kwa jirani. Neno «maskini» nalo lina tabu yake, kwa kuwa kwa Kiswahili cha kila siku ni mshangao wa huruma kabla ya kuwa hali ya kipato. Tahakiki hii inapendelea «Tuwasaidie». Mfasiri anayeona kwamba hana mamlaka ya kubadilisha nafsi ana hoja nzito, na leseni yenyewe inampa njia ya kati: aache sentensi ya Moolenaar katika amri yake ya awali, kisha juu yake, pale panapotajwa aliyebadilisha, aandike jina lake na la mji wake.